Nasaba ya Popo Wala Matunda

Mwaka 1758 Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyejitwika kazi ya kuwapanga viumbe wote wa dunia katika daftari moja, alipomfikia popo alimweka mahali ambapo msomaji wa leo atastaajabu kumkuta. Alimtia katika kundi la kwanza kabisa, kundi la binadamu, la kima na la lemuri wa Bukini, na hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba popo jike ana maziwa mawili kifuani, kama alivyo mwanamke na kama alivyo kima jike. Katika daftari hilohilo alimwandika popo mkubwa wa visiwa vya Asia ya kusini-mashariki kwa jina la vampyrus, jina la mnyonya damu, kwa kuwa uvumi ulikuwa umetangulia ilimu; na popo huyo, ambaye tangu azaliwe hadi afe hajui ladha nyingine ila ya matunda na maua, anachukua jina hilo hata leo, Pteropus vampyrus, kwa sababu kanuni za wataalamu haziruhusu jina la kwanza kufutwa eti halimstahili mwenyewe. Popo wanywao damu wapo kweli, lakini ni spishi 3 tu, nao huishi katika bara la Amerika na ni wa jamaa nyingine kabisa.

Nimeanza na Linnaeus si kwa kumtia ila, kwani katika zama zake hapakuwa na aliyejua zaidi, bali kwa sababu kisa cha popo mla matunda, tangu siku hiyo mpaka leo, ni kisa cha kiumbe aliyehamishwa kutoka ukoo hadi ukoo, na aghalabu uhamisho huo ulifanywa na mtu mwenye akili nyingi aliyekitazama kiungo kimoja, akadhani amekwisha kuiona nasaba nzima. Kwa maoni yangu hakuna mnyama mwingine katika nchi zetu anayetufundisha vizuri kuliko huyu jinsi umbo linavyoweza kusema kweli katika jambo moja na kudanganya katika jingine.

Popo wote ni wanyama wanyonyeshao, na ndio pekee miongoni mwa wanyonyeshao wanaoruka hasa kwa mabawa, si kuteleza hewani kutoka mti hadi mti. Mjerumani Blumenbach ndiye aliyewatoa mwaka 1779 katika kundi la kima na binadamu akawapa oda yao wenyewe, na oda hiyo leo imehesabiwa kuwa na spishi zaidi ya 1,400, kiasi cha moja katika kila spishi tano za wanyama wanyonyeshao duniani. Katika jumla hiyo popo wala matunda tunaowasema hapa ni takriban spishi 200, nao wote ni wa familia moja, Pteropodidae. Makao yao ni Afrika, Asia, Australia na visiwa vya Pasifiki. Amerika hawapo; popo wa huko walao matunda walitokana na wala wadudu kwa njia yao wenyewe, na kufanana kwao na hawa wetu ni kufanana kwa chakula, si kwa damu.

Tumtazame basi popo wetu kwa karibu. Uso wake ni mrefu na pua yake ni laini, isiyo na mikunjo wala majani ya nyama, hata mtu akimwona ameinamisha kichwa mchana tawini humdhania mbwa mdogo aliyejifunika kanga nyeusi. Macho ni makubwa, yameelekea mbele, na yanatumika; usiku wenye mwanga hafifu wa nyota humtosha kuona. Masikio ni sahili, hayana ile ngozi ndogo iliyosimama ndani ya sikio la popo wengi walao wadudu. Mkia ama hana, ama anao mfupi tu. Bawa ni mkono: vidole vinne vimerefuka kupita kiasi na ngozi imetandazwa kati yao mpaka ubavuni na mguuni, ilhali dole gumba limeachwa huru lenye ukucha wa kupandia. Na hapa pana alama ambayo mtu anaweza kuikagua mwenyewe iwapo atamkuta popo amekufa chini ya mti, ingawa afadhali atumie kijiti kuliko mkono mtupu: karibu popo wote walao matunda wana ukucha wa pili, mdogo, kwenye ncha ya kidole cha shahada, na popo walao wadudu walio hai leo hawana ukucha hapo.

Ulaji wake nao una adabu yake. Haling'ati embe akalimeza. Huimega nyama yake, akaisukuma kwa ulimi kwenye kaakaa lenye matuta, akaikamua mpaka tone la mwisho, akameza maji na kuyatema makapi. Ndiyo maana alfajiri chini ya mwembe au mkungu hukutwa vidonge vikavu vyenye alama za meno. Mbegu ndogondogo, kama zile za mkuyu, humpita pamoja na maji hayo, na kwa kuwa chakula hakikai sana tumboni mwake, huziangusha akiwa angani, mbali na mti uliozizaa. Mvule, mti ambao maseremala wetu wanaupenda kuliko mingi, hupandwa msituni kwa njia hiyo, na maua ya mbuyu, yafunguayo usiku, hupokea chavuo kutoka katika manyoya ya popo hao hao.

Kwa kuwa tofauti baina ya popo huyu na yule wa kula wadudu zilikuwa wazi kiasi hicho, haikuwa ajabu George Dobson, tabibu wa jeshi la Uingereza mwenye asili ya Ireland, alipoigawa oda nzima mafungu mawili mwaka 1875: popo wakubwa, ndio wala matunda, na popo wadogo, ndio wengine wote. Mdani mmoja, Knud Andersen, aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la London, akatoa mwaka 1912 kitabu kinene kinachowaeleza popo wakubwa jino kwa jino na mfupa kwa mfupa, na kitabu hicho kikawa hukumu kwa muda mrefu. Mgawanyo huu ulikuwa na kasoro iliyojulikana tangu mwanzo, nayo ni kwamba wamo popo wala matunda wenye uzito wa gramu 15 tu, wadogo kuliko wala wadudu wengi. Lakini hiyo ilikuwa kasoro ya majina. Kasoro ya nasaba ilikuwa bado imejificha.

Mwaka 1986 Jack Pettigrew, mtaalamu wa ubongo wa Australia, alitoa makala iliyowatikisa wenzake. Alikuwa amefuatilia mishipa itokayo jichoni mwa popo mla matunda mpaka ubongo wa kati, akaona kwamba imepangwa kama ilivyopangwa ya kima na ya binadamu: kila upande wa ubongo hupokea nusu moja tu ya mandhari, ile ya upande wa pili, kutoka macho yote mawili. Katika popo wala wadudu hakuuona mpango huo, wala hakuwa akiutarajia kwa wanyama wengine wanyonyeshao. Kwa hoja hiyo akasema kwamba popo wala matunda ni jamaa wa kima walioota mabawa, na kwamba popo wala wadudu ni watu mbali waliojifunza kuruka peke yao. Yaani bawa la ngozi lilizuka mara mbili duniani. Msomaji ataona kwamba, baada ya zaidi ya miaka 200, hoja ilikuwa imerudi karibu na mlango wa Linnaeus, safari hii kwa burhani ya ubongo badala ya maziwa.

Mimi namheshimu Pettigrew kwa hoja ile. Aliiweka wazi, akataja kitu kinachoweza kupimwa, na kwa kuwalazimisha wapinzani wake watafute ushahidi aliitia ilimu hii nguvu ambayo haikuwa nayo. Ushahidi ulipokuja haukumuunga mkono. Katika miaka ya 1990 wataalamu walianza kuyasoma maandiko ya urithi yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili, yaani DNA, wakayalinganisha ya popo wa aina zote na ya kima, ya ng'ombe, ya paka na ya wengineo. Na kila walipoongeza kurasa za kusoma, jawabu lilikuwa lile lile: popo wote ni wa baba mmoja, na bawa lilizuka mara moja tu. Fauka ya hayo, popo kama oda hawamo hata katika ujirani wa kima. Wamo katika kundi kubwa lenye farasi, ng'ombe, nyangumi, simba na kakakuona, na lile jicho lililofanana na la kima lilikuwa limejitengenezea mfanano huo lenyewe kwa haja ya kuona vizuri usiku.

Hata hivyo jambo lililowashangaza zaidi watu wa fani hii halikuwa hilo. Lilikuja mwanzoni mwa karne hii, hasa katika kazi za Emma Teeling, Mark Springer na wenzao, nalo lilivunja lile fungu la Dobson lenyewe. Ilionekana kwamba baadhi ya popo wala wadudu, wale wenye pua zilizokunjamana mfano wa kiatu cha farasi pamoja na jamaa zao, wako karibu zaidi na popo wala matunda kuliko walivyo karibu na popo wala wadudu wengine. Basi “popo wadogo” hawakuwa ukoo. Walikuwa mkusanyiko wa watu wa koo mbili waliovaa nguo moja. Mgawanyo mpya ukawekwa mwaka 2001, wa matawi mawili makuu, na katika tawi la popo wala matunda akaingia hata yule popo mdogo wa Thailand na Burma mwenye uzito wa gramu 2 tu, aliye miongoni mwa wanyama wanyonyeshao wadogo kabisa duniani. Ilhali binamu yake wa Ufilipino, mla tini mwenye utosi wa dhahabu, hupita kilo moja.

Mtu atauliza kwa nini visukuku, yaani mifupa iliyogeuka jiwe, havikulimaliza shauri hili mapema. Jawabu ni kwamba mifupa ya popo ni myembamba mno, na walao matunda huishi katika misitu ya joto ambako mwili huoza kabla haujafunikwa na udongo. Popo wa kale kabisa wenye mifupa kamili wametoka Wyoming, Marekani, katika tabaka za miaka milioni 52 hivi. Mmoja wao, Onychonycteris, aliyeelezwa mwaka 2008, alikuwa na kucha katika vidole vyote vitano vya bawa, na hiyo ni dalili kwamba ukucha wa kidole cha shahada ni mabaki ya mababu na si jambo jipya. Lakini hao si popo wala matunda. Wa familia hii hasa vimepatikana vipande vichache tu, meno na taya, na mojawapo ya vipande hivyo kina kisa kinachotuhusu Waafrika wa Mashariki.

Magharibi ya Kenya, katika tabaka za miaka kama milioni 20, yaliokotwa mataya madogo ya mnyama ambaye George Gaylord Simpson, mtaalamu mashuhuri wa Marekani, alimpa mwaka 1967 jina la Propotto leakeyi, kwa heshima ya Louis Leakey, akimhesabu kuwa jamaa wa poto, yule mnyama wa usiku wa misitu ya Kongo na Uganda aliye ndugu wa komba. Haikupita miaka miwili, Alan Walker akayachunguza mataya hayo upya akasema la, huyu si wa ukoo wa komba, huyu ni popo mla matunda. Na hoja zake zilikuwa za nguvu hata kwa karibu nusu karne Propotto aliandikwa katika orodha kuwa miongoni mwa popo wala matunda wa kale wa Afrika. Kisha mwaka 2018 kundi la wataalamu, wakiwemo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, liliyalinganisha meno hayo na ya mnyama wa Misri wa miaka milioni 34, likahukumu kwamba Propotto si popo, wala si jamaa wa poto, bali ni wa ukoo wa ayeaye, lemuri wa Bukini mwenye kidole chembamba cha kuchokolea wadudu ndani ya miti. Linnaeus alimtia popo kwa kima. Walker alimtia wa ukoo wa lemuri kwa popo. Na wote wawili walikuwa wakifuata ushahidi walioushika mkononi. Kwa hukumu hii kabati ya visukuku vya popo wala matunda, iliyokuwa karibu tupu, imezidi kuwa tupu.

Kuna swali moja ambalo kila jawabu la nasaba limelifanya gumu zaidi, nalo ni la mwangwi. Popo wala wadudu huona gizani kwa sauti: hutoa kooni milio mikali ambayo kwa sehemu kubwa sikio letu haliisikii, na kwa mwangwi unaorejea hujua nondo yuko wapi, ukuta uko wapi. Popo wala matunda hawafanyi hivyo. Maadamu wenye pua za kiatu cha farasi ni ndugu zao wa karibu, nao ni mabingwa wa mwangwi, basi ama babu wa popo wote alikuwa na kipawa hicho na walao matunda wakakipoteza, ama kipawa kilizuka mara mbili katika matawi mawili mbalimbali. Wataalamu wametazama sikio la ndani la watoto wa popo wangali tumboni mwa mama, wametazama mifupa ya koo na ya kichwa, na mpaka sasa wanakhitilafiana, wengine wakielemea huku na wengine kule. Na wapo wa familia hii waliojitengenezea mwangwi wao. Popo wa jenasi ya Rousettus, wakaao mapangoni kama vile pango la Kitum katika mlima Elgon, hugonga ulimi kinywani, mara mbili mbili, kwa sauti ambayo mtu aliyesimama mlangoni mwa pango huisikia bila chombo chochote, na kwa kugonga huko hupita gizani bila kujibamiza. Koo haihusiki hata kidogo.

Ndani ya familia yenyewe umbo limedanganya vivyo hivyo. Wako popo wadogo wa Asia wenye pua nyembamba na ndimi ndefu za kulambia asali ya maua, na Afrika yuko mmoja, Megaloglossus, wa misitu ya Kongo na Afrika ya Magharibi, aliyefanana nao hata akawekwa nao katika jamaa moja. DNA ikaonyesha mwaka 1997 kwamba ndugu zake hasa ni popo wa Afrika walao matunda ya kawaida, na kwamba ulimi ule mrefu ameupata papa hapa barani. Ukoo huo wa Kiafrika ndio ulio na popo wanaojulikana sana kwa majirani wa miembe yetu: yule mwenye mashungi meupe mabegani, ambaye dume lake huyafunua usiku na kurudia mlio mmoja kwa saa nyingi akimwita jike, na yule dume wa kutisha wa mito ya Kongo mwenye kichwa kilichofura na koromeo lililojaza zaidi ya nusu ya kiwiliwili, apigaye kelele pamoja na wenzake kando ya maji ili majike yachague. Wa rangi ya majani makavu, wale waliojaza bonde lao mjini Kampala na wakutanikao kwa mamilioni huko Kasanka, Zambia, ifikapo mwisho wa mwaka, si wa ukoo huo. Wao wanasimama kando, na matawi yote haya yanaonyesha kwamba popo wala matunda waliingia Afrika kutoka upande wa Asia zaidi ya mara moja.

Walioingia kwa njia ya bahari ni wa jenasi ya Pteropus, wenye spishi zaidi ya 60, wengi wao watu wa visiwani. Hawa walivuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, tena DNA inaonyesha kwamba hawakuvuka kwa safari moja, wakakaa Rodrigues, Morisi, Reunion, Shelisheli, Bukini, visiwa vya Ngazija, Mafia na Pemba; na hapo wakakoma. Bara la Afrika, ambalo mtu akisimama Mafia siku ya hewa safi huliona kwa macho, hawakuweka makao hata mara moja. Popo wa Mafia ni yule yule wa Ngazija. Popo wa Pemba ni wa peke yake, hayupo pengine popote duniani: mwili una manyoya mekundu ya rangi ya machungwa na hudhurungi, mabawa ni meusi, na akiyatandaza hufika mita moja na nusu. Mjerumani Paul Matschie alimwandika mwaka 1909 kwa jina la mwenzake Voeltzkow aliyepita visiwa hivi, na kabla karne haijaisha misitu ilikuwa imekatwa na popo amewindwa kwa nyavu na bunduki hata mwaka 1996 akatiwa katika daraja ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wapemba wenyewe, kwa vikundi vya vijijini na kwa ulinzi wa miti kama ule wa Kidike, ndio waliomrudisha, na mwaka 2008 alikuwa ameshushwa daraja mbili. Nami sioni sababu ya kulisema jambo hilo kwa sauti ndogo, kwani ni visiwa vichache vilivyofanya hivyo. Morisi na Reunion walikuwa na popo wao mdogo mweusi, naye alikwisha kabisa katika karne ya 19. Visiwa vya Ngazija vina popo wa Livingstone, mweusi, mwenye masikio ya duara, aliyeandikwa London mwaka 1866. Amebaki Nzwani na Mwali tu, hulala katika miti mirefu ya mabonde ya milimani, na mashamba yanaendelea kupanda milima hiyo kutoka chini.